Nyasi za Muhannad

Alasiri ikifika, mtaa mzima anaoishi Badriya hunuka udongo mbichi. Mchana kutwa watu wa mji wa Samawa hujifungia ndani, mapazia yameshushwa, feni zinazunguka. Jua likianza kulegea, mageti hufunguliwa. Wanawake hutoka na mipira ya maji. Hunyunyizia nyasi, kuta, vizingiti, hata barabara iliyo mbele ya nyumba. Mvuke hupanda. Ardhi ikipoa kidogo, viti hutolewa nje na chai huletwa.

Badriya hakukosa hata siku moja. Siku ya homa alitoka. Siku ya vumbi alitoka, mtandio umemfunika pua. Majirani walimwita Mama Muhannad, na walijua kwa nini alizithamini nyasi zake kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba.

Nyasi zile zilipandwa na Muhannad, mwanawe wa pekee. Alikuwa kijana wa mikono yenye nguvu na kicheko kingi. Alizileta vipande vipande kwa mkokoteni, akazitandaza uwani kama mtu anayetandika zulia, kisha akazikanyaga kwa miguu mitupu ili zishike. "Mama, mwakani tutakunywa chai hapa," alisema. Akaenda jeshini. Walimrudisha amefunikwa bendera, wakamzika Najaf, mwendo wa saa kadhaa kutoka nyumbani. Kaburi lilikuwa mbali. Nyasi zilikuwa mlangoni.

Kiangazi hiki nyasi zilikuwa zinakufa.

Zilianza kupauka karibu na ukuta. Kisha vikatokea vipara katikati. Juu ya udongo kukaonekana kitu cheupe, kama unga uliomwagika. Badriya alidhani ni vumbi la jangwani. Alikifagia, kikarudi. Akaongeza maji. Zamani alinyunyiza mara moja kwa siku, sasa akawa ananyunyiza alasiri na tena kabla ya magharibi. Nyasi zikazidi kupauka.

Siku moja mumewe, Jasib, alitoka bafuni akiwa na taulo shingoni na povu usoni. Jasib alikuwa mstaafu wa reli. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo alipiga.

"Mama Muhannad! Tangi limekauka tena!"

"Maji ya mji yatakuja kesho."

"Hata juzi ulisema kesho. Mimi nimesimama bafuni na sabuni machoni!"

"Si kuna maji ya chupa?"

"Ya kunywa nioge mimi, ya kuoga zinywe nyasi? Hiyo ni akili gani, mwanamke?" Jasib akapangusa povu. "Mto umepungua. Watoto wanauvuka kwa miguu. Mji mzima unalia maji, na sisi tunammwagia maiti."

Alimaanisha nyasi. Lakini alikwisha kulisema neno hilo, na Badriya alikwisha kulisikia. Alifunga bomba, akakaa kwenye kizingiti.

Jasib naye aliona alichokifanya. Akapunguza sauti. "Nimezungumza na fundi wa vigae. Baada ya ziara ya Arubaini, mahujaji wanaokwenda Karbala kwa miguu wakishapita, atakuja kumwaga zege. Uwanja mzima."

"Juu ya nyasi za mwanangu?"

"Kama zitakuwa zimefufuka, nitamrudisha alikotoka. Kama hazijafufuka, naziba. Siwezi tena."

Badriya aliingia ndani. Usiku ule hakula.

Kesho yake jirani alikuja kurudisha sahani. Aliitwa Nidhal. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na ulimi usiozunguka. Alikuwa amehamia mtaani mwaka huo kutoka Basra, ambako alifundisha kilimo katika shule ya sekondari. Watu walimwita Mwalimu. Sahani aliirudisha na dolma juu yake, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, maana kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Alipopita uwani alisimama.

"Zinaumwa hizi," alisema.

"Zinakufa," alisema Badriya. "Na sijui nizifanyeje. Nazipa maji mpaka mume wangu ananigombeza."

Nidhal akachutama. Akagusa udongo. Akainua kichwa. "Una chuma cha mishikaki?"

"Unataka kuchoma nyama kwenye jua hili, Mwalimu?"

"Nataka kuichoma ardhi yako. Lete."

Badriya akaleta chuma kirefu cha kebabu. Nidhal akakisimamisha juu ya nyasi, akakisukuma. Kiliingia kiasi cha ukucha, kisha kikagoma. Akakiegemea kwa uzito wake wote. Wapi!

"Jana ulimwaga maji?"

"Jana, juzi, kila siku. Mara mbili."

"Basi tazama. Juu pamelowa, chini tofali." Nidhal akashika kishungi cha nyasi, akakivuta. Kilitoka bila shida. Mizizi yake ilikuwa mifupi kama kope. "Mizizi huyafuata maji, Mama Muhannad. Maji yako yamebaki juu, nayo imebaki juu. Na huko juu ndiko jua linakowaka. Wewe unazionjesha maji. Huzinyweshi."

"Nazionjesha? Tangi zima?"

"Tangi zima limekwenda kwenye ukuta, na barabarani, na hewani. Unanyunyiza wakati ardhi ingali moto kama tanuri la mkate. Ule mvuke mnaoufurahia, hayo ndiyo maji yenyewe yanakwenda zake."

Badriya aliguna. Hakupenda kufundishwa kumwaga maji uzeeni. Lakini Nidhal alikuwa hajamaliza. Alichota kidogo kile kitu cheupe kwa ncha ya kidole, akamwonyesha.

"Weka ulimini."

"Uchafu huo?"

"Weka, haukuui."

Badriya akaonja. Akatema. "Chumvi!"

"Chumvi. Mto ukipungua, maji yetu huzidi chumvi. Unanyunyiza kidogo, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Kesho unanyunyiza tena, inaongezeka. Chumvi ikijaa kwenye udongo, nyasi hazinywi hata ukizimwagia."

Badriya alikitazama kile chuma kilichosimama katikati ya nyasi. Akakaa chini pale pale, kwenye ardhi kavu.

"Kwa hiyo ni mimi ninayeziua."

Nidhal alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake. "Ni desturi yetu sote. Mtaa mzima unafanya hivyo. Kule kwetu Abu Khasib, kando ya Basra, chumvi ya bahari ilipanda na mto ikaingia mashambani. Mitende ya baba yangu ilikauka yote, na mimi ni mwalimu wa kilimo. Niliitazama tu. Ile haikuwa na dawa mikononi mwangu. Hii yako inayo."

"Niambie."

"Kwanza, acha kumwaga maji alasiri. Mwaga alfajiri, kabla jua halijatoka. Ardhi imepoa, upepo umelala, maji yanashuka. Pili, usinyunyize kwa kidole mdomoni mwa mpira. Ulaze mpira chini, fungua bomba kidogo, maji yatoke polepole. Ukiona yanaanza kukimbilia barabarani, funga. Ngoja yazame. Fungua tena, kisha uhamishe mpira upande mwingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka chuma hiki kizame shubiri nzima bila kukisukuma sana. Hapo umezinywesha."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake hakuna maji. Na kesho kutwa hakuna. Siku ya tatu alfajiri, unatazama. Kanyaga nyasi kwa mguu mtupu. Zikiinuka zenyewe, hazina kiu. Ngoja hadi kesho yake. Alama ya mguu ikibaki, na rangi ikiwa imefifia, basi ni zamu yao."

Badriya alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Siku tatu? Kwenye moto huu? Mwalimu, hata mbwa hanyimwi maji siku tatu."

"Sikuambii uzinyime. Juu pakikauka kidogo, mizizi itayafuata maji chini. Na huko chini jua haliifikii. Ukizilowesha juu kila siku, haitashuka kamwe. Hilo halina njia ya mkato."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, nimekwambia!" Sauti ya Badriya ilipasuka. Kisha akaanza kusema, akiwa ameinamisha kichwa, kama anayeongea na udongo. Asubuhi Muhannad alipoondoka mara ya mwisho, bomba lilikuwa kavu. Tangi lilikuwa kavu. Ndoo zilikuwa kavu. Kwao, msafiri akitoka mlangoni, mama humwaga bakuli la maji nyuma yake, ili arudi salama. Badriya alisimama mlangoni na bakuli tupu. Muhannad aligeuka, akacheka, akamwambia, "Utanimwagia nikirudi." Hakurudi. "Ndiyo maana kila siku nammwagia," alisema Badriya. "Kila siku. Sasa unaniambia nikae siku tatu mikono mitupu?"

Nidhal alisogea karibu. Akaweka mkono juu ya bega la Badriya.

"Hilo, Mama Muhannad, sina la kukwambia," alisema. "Mimi nazijua nyasi tu. Na hizi, ukiendelea hivi, Arubaini haitazikuta."

Badriya alilia. Kisha akafuta macho, akauliza kama anaweza kubaki na kile chuma pale pale uwani. Nidhal akacheka kidogo, akasema, "Chuma ni chako, bibi wewe."

Alfajiri iliyofuata Badriya aliulaza mpira kwenye nyasi. Maji yalitoka taratibu, bila mlio. Yalianza kukimbilia getini, akafunga. Alikaa akisubiri. Akafungua tena. Jua lilipochungulia juu ya mapaa, alikisukuma chuma. Kilizama nusu shubiri, kikasimama. Akafungua mara nyingine. Safari hii kilikwenda chini mpaka kiganja chake kikagusa nyasi. Badriya alishtuka. Ilikuwa kama mlango uliofunguka.

Kazi haikuwa asubuhi. Kazi ilikuwa alasiri.

Siku ya kwanza bila maji alikaa jikoni akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Alisikia mipira ya majirani, harufu ya udongo mbichi ikamfikia dirishani. Siku ya pili alitoka, akakaa kwenye kizingiti, mikono mapajani. Haikujua pa kukaa, mikono ile. Mama Rafid, jirani wa ng'ambo ya pili, alikuwa akiosha barabara kwa mpira wake. Akamwona.

"Mama Muhannad! Umeishiwa maji, au Baba Muhannad kauza mpira?"

"Upo uwani."

"Basi utoe, shoga! Nyasi zako zimekuwa kama ndevu za mgonjwa!"

Mama Rafid alitania tu, kama alivyotania watu wote. Badriya hakucheka. Alisimama, akaenda kwenye bomba, akauchukua mpira.

"Uweke chini," sauti ilisema.

Ilikuwa ya Jasib. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nitanyunyiza kidogo tu. Hapa mbele."

"Mwalimu kasema kesho alfajiri."

"Wewe ndiye uliyetaka zege! Leo umekuwa mlinzi wa nyasi?"

Jasib aliweka kikombe juu ya ukuta. Akashuka, akasimama karibu naye. "Nilitaka zege kwa sababu nimechoka kukuona. Kila alasiri unamwaga maji kama mtu anayeomba msamaha. Na hukufanya kosa."

"Unajua nini wewe?"

"Najua lile bakuli. Nilikuwa nyuma yako siku ile."

Badriya aliukaza mpira mkononi. Miaka yote hawakuwahi kulizungumza.

"Walimwagiwa wote, Badriya," alisema Jasib. Mbele za watu hakumwita kwa jina hilo, lakini sasa alimwita, na Mama Rafid alikuwa akisikia. "Wenzake wote waliokufa naye. Nilikwenda kwenye misiba yao yote, mmoja baada ya mwingine, na mama zao waliniambia. Hassun alimwagiwa bakuli. Yule kijana wa mji wa Rumaitha, mama yake alimwaga ndoo nzima, barabara ikawa tope. Wamelala Najaf pamoja na mwanao."

Mpira ulianguka. Badriya alijifunika uso kwa mtandio. Hakulia kwa sauti. Jasib akaliendea bomba akalikaza vizuri. Ng'ambo ya pili Mama Rafid alifunga maji yake pia, akaingia ndani bila kuaga.

Alfajiri walitoka wote wawili. Jasib alivua kandambili, akakanyaga nyasi, akainua mguu. Wakainama kutazama. Alama ilibaki.

"Zina kiu," alisema Badriya.

"Zamu yao, basi," alisema Jasib, akaenda kufungua maji.

Mabadiliko hayakuja upesi. Wiki ya kwanza nyasi zilionekana mbaya zaidi, na Badriya alimpigia Nidhal hodi akiwa amekasirika. Nidhal alikuja, akatazama, akaongeza mawili matatu. Alisema wasizikate fupi kama zulia, waziache zifikie nusu kidole, zitie udongo kivuli. Alisema maji ya kufulia yenye sabuni yasimwagwe pale. Na mara moja kwa mwezi wamwage maji mengi kuliko kawaida, ili chumvi isukumwe chini kabisa, mbali na mizizi.

Kuhusu kile kipande kilichokuwa kando ya ukuta, alitikisa kichwa. Jua la mchana liliupiga ukuta, ukuta ukaichoma ardhi.

"Hapa hapafai nyasi. Hapa utamaliza maji bure. Mpe Baba Muhannad vigae vyake."

Badriya aliumia. Muhannad alipanda hapo pia. Alizunguka kipande kile siku nzima. Jioni alimwambia mumewe, "Hapo kando ya ukuta, paweke vigae. Lakini usivuke mstari." Alichora mstari mwenyewe, kwa kisigino.

Taratibu, vipara vikaanza kufungika. Majani mapya yalitambaa kutoka pembeni, membamba, ya kijani kibichi. Siku moja Badriya alishika kishungi, akakivuta kama Nidhal alivyofanya. Hakikutoka. Alikivuta kwa nguvu zaidi. Hakikutoka. Alikiachia haraka, akaomba radhi kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Na tangi? Tangi halikukauka tena kabla ya siku ya maji. Jasib alioga mpaka akamaliza. Arubaini ilipofika na watembeao kwenda Karbala wakapita mtaani, miguu imevimba, vumbi hadi magotini, Badriya aliweza kuwapa maji ya kunywa na ya kuosha miguu. Mwaka uliotangulia aliwapa chai tu, kwa aibu. Mwaka huu kina mama kadhaa walijilaza kwenye nyasi zake, wakasinzia. Mama Rafid, aliyekuja kusaidia kugawa mkate, alizitazama, akazitazama tena.

"Kile chuma," alisema chini chini, "unaweza kuniazima?"

Wiki moja baadaye fundi wa vigae alikuja. Alikuwa kijana mpana wa mabega, karai la zege kichwani, buti zimeganda saruji. Badriya alikuwa jikoni. Kupitia dirisha alimwona Jasib akimwonyesha kipande cha kando ya ukuta.

"Hicho tu?" aliuliza fundi. "Si uliniambia uwanja mzima?"

"Hicho tu."

"Haya. Ni kazi ndogo, mzee. Nitamaliza leo." Fundi akainua mguu kukatisha nyasi, maana njia ile ilikuwa fupi zaidi.

"Simama hapo hapo!" Jasib alimshika mkono. "Na buti hizo?"

Fundi alishangaa. "Ni nyasi tu, mzee. Zina nini?"

Badriya aliacha kuosha vyombo. Aliona mabega ya mumewe yakipanda na kushuka.

"Amezipanda mwanangu," alisema Jasib. "Anaitwa Muhannad."

Alisema anaitwa, si aliitwa. Badriya alilisikia vizuri, akashika ukingo wa sinki.

Fundi alimtazama mzee yule usoni. Kisha akalitua karai chini, akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake.